Mkono Wangu Unakwenda Msalabani, Moyo Umebaki kwenye Risiti

BARUA

Bwana asifiwe, mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Eastlands hapa Nairobi. Nilibatizwa nikiwa mchanga katika Kanisa la Kianglikana, nikapata kipaimara nikiwa kidato cha pili, na ndoa yetu ya kanisani ina miaka 21. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mimi ni mweka hazina wa Umoja wa Mama, huu ni muhula wangu wa pili. Mgeni akiuliza mtaani kwetu Wakristo wanaishi wapi, ataonyeshwa lango letu.

Jumapili yangu huwa hivi. Naamka saa kumi na moja, napiga pasi sare, nawaamsha watoto, na saa mbili kasorobo nimeketi safu ya tatu kutoka mbele. Chini ya Biblia nina bahasha za michango na kitabu cha risiti, maana akina mama hunikabidhi pesa hata wimbo ukiendelea. Wakati wa kuungama dhambi midomo hutamka yote bila kukosea, huku kichwani nahesabu nani hajatoa ya matanga. Mwisho wa ibada, tunaposema kwamba shida zetu zote tunazipeleka kwenye msalaba wa Kristo na kanisa zima linapunga mkono kuelekea madhabahuni, mkono wangu huenda wenyewe, kama wa kondakta anayegonga bodi ya matatu. Jumapili moja niligundua nimepunga nikiwa na kalamu mkononi.

Miezi minane iliyopita mwenzangu kazini alinialika kwenye kikundi cha maombi cha wakati wa chamcha, katikati ya jiji, orofa ya nne ya jengo moja karibu na Tom Mboya. Ni watu kama 30, viti vya plastiki, hakuna sare wala kitabu. Siku yangu ya tatu mama mmoja alisoma Zaburi ya 139 polepole, "Ee BWANA, umenichunguza na kunijua," kisha watu wakanyamaza. Nililia na sikujua kinachoniliza. Hapakuwa na kelele yoyote. Ni kana kwamba mtu aliyekuwa amekaa nyuma yangu miaka yote alizunguka akaja kuketi mbele yangu. Jioni hiyo nikiwa kwenye foleni ya matatu nilimpigia dada yangu, ambaye hatukuwa tumesemezana tangu ugomvi wa shamba la marehemu baba, nikamwomba msamaha.

Tangu hapo ibada ya Jumapili imekuwa kama kuhudhuria mkutano wa chama. Nimekaa Jumapili tano bila kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu najiona mnafiki. Wengine wakipanga mstari, mimi naketi. Kijana wangu wa miaka 14 yuko darasa la kipaimara. Wiki iliyopita aliniuliza njiani, "Mama, kwani umetengwa?" Sikumjibu.

Kiongozi wa kile kikundi, tunayemwita Mtumishi, anasema kanisa langu ni bonde la mifupa mikavu. Ananitaka niache uongozi, nihame, nibatizwe upya kwa maji mengi, na kabla ya hapo nifunge siku tatu bila chakula wala maji. Mimi humeza dawa ya presha kila asubuhi. Anasema pia zaka hupelekwa mahali mtu anapolishwa. Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka kuacha kazi ya Umoja wa Mama, alisema nimetekwa na mahubiri ya mjini na kwamba nitamwaibisha. Uchaguzi wetu ni mwisho wa mwezi ujao na jina langu limeshapendekezwa tena.

Kinachonitisha zaidi sijamwambia mtu. Ni wiki ya tatu sasa, ule utamu umekwisha. Kule orofa ya nne nainua mikono kama wenzangu huku nikichungulia kama naonekana. Nimeanza kupunga mkono bila moyo huko pia.

Je, nikibaki kanisani ni unafiki? Nikihama, nafuata Mungu au nafuata hisia? Na lile lililonipata, lilikuwa kweli?

Mama Wawili, Eastlands

JIBU

Bwana asifiwe, Mama Wawili. Nianze na vidonge, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja.

Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kukukojoza. Ukizimeza bila kunywa maji, mwili unakauka, presha inaanguka, unaweza kuzirai ukiwa barabarani, na figo zikaumia. Nyingine ukizikatiza ghafla presha hurudi juu kwa kishindo. Kwa hiyo siku tatu bila maji, unywe dawa au usinywe, ni hatari kwako, na hapa sitapindapinda maneno. Kama unatamani kufunga, muulize kwanza daktari au muuguzi wa kliniki unakochukulia dawa. Wengi wenye hali kama yako huruhusiwa kuacha mlo mmoja huku wakiendelea na maji na kidonge chao. Mtumishi akikutajia Esta na siku zake tatu, Esta alikuwa anakwenda kwa mfalme akijua anaweza kuuawa ili watu wake wapone. Ule haukuwa mtihani wa kuingia kikundini. Na mtu wa Kenya aliyesikia habari za Shakahola mwaka 2023, za waumini walioambiwa wafunge mpaka wakafa, hahitaji kuelezwa mara mbili ni wapi saumu isiyo na mtu wa kuiuliza maswali inaweza kufika.

Sasa tufungue leso. Naona umefungia ndani yake vitu vitatu kwa fundo moja: lililokupata siku ile ya zaburi, unalolifanya Jumapili, na analolitaka Mtumishi. Kwa kuwa vilikuja msimu mmoja, unadhani ukikubali kimoja umekubali vyote. Sivyo. Lile tukio linaweza kuwa kweli tupu, na bado ushauri wa Mtumishi ukawa mbovu. Kanisa lako linaweza kuwa limepoa kweli, na bado sehemu ya baridi unayoisikia ikawa inatoka chini ya Biblia yako, kwenye zile bahasha.

Uliuliza kama lilikuwa kweli. Mimi siwezi kulipigia muhuri, lakini tazama umelieleza vipi. Machozi umeyapa sentensi moja. Kisha, bila kusukumwa na mtu, ukampigia dada yako simu kuhusu jambo la shamba, na sote tunajua maneno ya shamba yanavyoweza kukaa miaka bila kuguswa. Paulo alipoyaandikia makanisa ya Galatia kuhusu tunda la Roho, alitaja upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine ya jamii hiyo, yote yakiwa mambo yanayoonekana mtu anapoishi na watu. Kulia hakumo. Kwa hiyo usiipime siku ile kwa utamu, maana utamu umeshaondoka. Uliza kama simu ile bado inaendelea. Mmeongea tena na dada yako?

Kuna dhana moja ningependa tuigeuzegeuze: kwamba uhai uko orofa ya nne na mazoea yako Eastlands. Wewe mwenyewe umeshaitilia shaka. Miezi minane tu, na mikono iliyoinuliwa kwa shukrani imekuwa sare. Si kosa la kile kikundi. Jambo lolote ambalo watu hulifanya pamoja zaidi ya mara kumi hupata umbo, na umbo likishapatikana mtu anaweza kulivaa bila kuwemo. Viti vya plastiki navyo vina liturjia yake. Wanaojua nani atalia kwanza na nani atanena mwisho wanaielewa vizuri.

Na upande wa pili, lile umbo unaloliona limekufa lina maneno ambayo huenda hujayasikia kwa muda mrefu. Ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyoandaliwa hapa Kenya mwaka 1989, ambayo ndiyo iliyowapa kule kupunga mkono, ina sala mwanzoni inayomwambia Mungu kwamba yeye hufunua yaliyofichwa gizani na anavijua vivuli vya mioyo yetu, kisha inaomba tusafishwe ili tutembee nuruni. Linganisha na "umenichunguza na kunijua." Ni ombi lilelile. Hata zaburi iliyokuliza, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambamo Waanglikana waligawa Zaburi zote kwa siku 30 za mwezi, imewekwa asubuhi ya tarehe 29. Ilikuwa kwenye kabati la kanisa lako wakati wote. Ilihitaji mtu wa kuisoma polepole, na mtu wa kunyamaza baada yake.

Hilo neno "kutembea nuruni" nalo lina ukoo. Ni lugha ya ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kwenye kilima cha Namirembe, wote wawili wakiwa watu wa kanisa wenye kiu, wakasoma Biblia na kuomba. Moto ukaonekana Gahini, Rwanda, ukasambaa, na mwaka 1937 timu yao ikaja kwenye mkutano wa Kabete, mwendo mfupi tu kutoka unapofanyia kazi. Walikuwa wakali. Walisema wazi kwamba mtu anaweza kubatizwa, akaimba kwaya, akawa kasisi, na asimjue Kristo. Mwaka 1941 chuo cha kanisa cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ndugu wale hawakuhama. Walikaa kwenye viti vyao vya Kianglikana, Kipresibiteri na Kimethodisti, wakakutana katikati ya wiki kuungama na kushuhudia, na Jumapili wakarudi kupokea mkate kwa kasisi yuleyule waliyemwona amelala. Walikuwa na makosa yao pia. Vikundi vingine viliishia kupimana wokovu kwa mavazi na nywele, jambo linaloonyesha ninalosema kuhusu umbo.

Sikuambii haya ili ubaki. Nakuambia ili ujue kwamba "nimeamka, basi nitoke" ni njia moja tu kati ya njia ambazo watu walioamka wamezifuata katika nchi hii. Kuhusu bonde la mifupa mikavu, soma tena Ezekieli 37. Nabii aliamriwa aitabirie mifupa palepale bondeni. Hakuna mahali alipoambiwa ahame.

Umejiita mnafiki. Neno la Kigiriki lililoko nyuma yake lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Anachotaka mwigizaji ni watazamaji. Je, ulipokuwa ukihesabu ya matanga wakati wa kuungama, ulitaka kuonekana mcha Mungu? Mimi nasikia mtu aliye kazini. Mweka hazina anayepokea pesa katikati ya wimbo hasali, anahudumia dirisha. Ingawa lile la orofa ya nne, la kuchungulia kama unaonekana, liko karibu zaidi na unafiki, na umeliona mapema, ndiyo maana linakuuma.

Basi kabla ya kuamua kubadilisha kanisa, jaribu kubadilisha bahasha. Mwambie mwenyekiti wa Umoja wa Mama kwamba kuanzia Jumapili ijayo michango itapokelewa mezani nje ya mlango, nusu saa baada ya ibada, na watu wawili: mmoja anapokea, mwingine anaandika risiti. Hata kwa usalama wa hesabu ni bora hivyo. Atakayekuletea pesa wakati wa wimbo, mwonyeshe meza. Watanung'unika Jumapili mbili tatu. Ukikaa kwenye ibada wiki sita bila risiti mapajani na bado moyo ni jiwe, utakuwa umejifunza kitu cha kweli kuhusu kanisa lako. Kwa sasa hujui.

Meza ya Bwana ni jambo zito zaidi. Umejizuia ukiogopa kula isivyostahili. Lakini angalia Wakorintho walikosa nini: matajiri walitangulia kula, wengine wakalewa, maskini wakakaa na njaa. Kosa lilikuwa namna walivyotendeana mezani, wala Paulo hakusema habari za mtu ambaye moyo wake umepoa. Na agizo lake katika 1 Wakorintho 11:28 ni hili: "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Ajihoji, kisha ale. Wewe umefika kwenye kujihoji ukaishia hapo. Huenda una sababu nyingine ya kujizuia ambayo hukuiandika, na kama ipo, miadi ya nusu saa na kasisi siku ya kazi itafaa kuliko kuketi huku ukitazamwa. Na kama kasisi mwenyewe ndiye unayemwona amekufa kiroho, kanisa lenu lilishalijibu hilo tangu karne ya 16, katika kifungu cha 26 cha zile Kanuni 39 za imani: ubaya wa mhudumu hauondoi neema ya sakramenti kwa anayeipokea kwa imani.

Kuna mtu aliyepita karibu kabisa na hapo ulipo. John Wesley, ambaye Wamethodisti walitokana naye, alikuwa kasisi wa Kianglikana tangu 1728. Alifunga kila Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri, alitembelea wafungwa, alipokea Ushirika mara nyingi kuliko wenzake, na bado alijiona mtupu. Alipotaka kuacha kuhubiri kwa sababu hana imani, rafiki yake Peter Böhler alimwambia aihubiri imani mpaka aipate. Tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London, moyo wake ukapata joto lile ambalo Wamethodisti wanalikumbuka hadi leo. Watu huishia hapo kusimulia. Januari 1739, miezi saba baadaye, aliandika kwamba yeye si Mkristo, kwa kuwa haoni ndani yake upendo na furaha alivyotarajia. Na mwishoni mwa mwaka huo baadhi ya wenzake wa kikundi cha mtaa wa Fetter, London, walianza kufundisha kwamba mtu asiye na imani kamili aache sala, Biblia na Meza ya Bwana, akae kimya mpaka imani ije. Wesley alikataa, wakaachana Julai 1740. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo hayo ni mifereji. Maji si mfereji, lakini mwenye kiu haondoki kwenye mfereji kwa sababu leo umekauka. Alikufa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kianglikana.

Kuhusu hizi wiki tatu za ukavu, Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliacha maonyo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja: mtu akiwa kwenye ukavu asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na amani, na mtu akiwa kwenye utamu mwingi asiweke nadhiri ya haraka. Wewe umepitia yote mawili ndani ya miezi minane, na Mtumishi anataka jibu sasa. Lakini niulize pia jambo la kawaida kabisa. Utamu umeondoka kwenye maombi pekee, au hata chai haina ladha, usingizi umepaa, vicheko vya watoto vinakuchosha? Kama ni vyote, kliniki iwe mlango wako wa kwanza. Umri wa miaka 46 ni umri ambao homoni za mwanamke huanza kuyumba, na msongo wa mawazo hujificha vizuri ndani ya lugha ya kiroho.

Njia zilizo mbele yako, kama ninavyoziona, hazilingani kwa uzito. Kugombea tena kama hakuna kilichotokea kutampendeza mume wako, na nadhani baada ya mwaka utakuwa na uchungu ambao wote mtaulipia. Kutogombea huku ukibaki muumini ni hatua ndogo kuliko unavyoiogopa, mradi uifanye kwa utaratibu. Mwandikie mwenyekiti barua sasa, nakala kwa kasisi, useme humalizi vibaya ila unapumzika. Linganisha daftari na taarifa ya benki na ya M-Pesa hadi siku ya mwisho. Kabidhi vitabu vya risiti, vilivyotumika na visivyotumika, kwa namba zake. Watia sahihi wa akaunti wabadilishwe kwa kumbukumbu za mkutano, na hati ya makabidhiano itiwe sahihi na pande zote mbili, ubaki na nakala. Mweka hazina akiondoka ghafla baada ya kuokoka, mtaa hauulizi aliokoka vipi. Unauliza pesa ziko wapi.

Kuendelea na vyote viwili, Jumapili Eastlands na chamcha mjini, kunawezekana, na wengi Nairobi huishi hivyo bila mtu kujua. Hatari yake ni kugeuka mpima joto, kila siku unalinganisha wapi kumewaka. Kuhama nako si dhambi. Watu wazima huhama makanisa kwa dhamiri safi. Ila usihame ukikimbia kalamu mkononi, maana kalamu utaenda nayo.

Kabla hujampa Mtumishi jibu lolote, muulize mambo matatu kwa heshima: anawajibika kwa nani, nani hukagua zaka, na kama angekubali uje na mume wako. Jinsi atakavyopokea maswali itakuambia mengi kuliko majibu yenyewe. Kuhusu kubatizwa upya, Wabatisti na Wapentekoste wengi wanaamini kwa hoja nzito kwamba ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini, nami siwadharau. Kanisa lenu linaamini ubatizo ni mmoja na haurudiwi, kwa hiyo kuingia majini ni kutamka kwamba ule wa kwanza haukuwa kitu. Hilo liamue kwa kusoma na kuuliza pande zote mbili, si kama ada ya kuingilia. (Kama ni wingi wa maji tu unaokuvuta, kile Kitabu cha Sala cha 1662 chenyewe kinaagiza mtoto azamishwe, na kumwagiwa ni kwa aliye dhaifu. Sisi ndio tuliopunguza maji.)

Katikati ya hayo yote, jipe siku 40 za jambo dogo. Asubuhi, kabla ya kugusa simu, dakika 15. Keti mahali pamoja, soma zaburi moja kwa sauti, nusu ya mwendo wako wa kawaida, rudia mstari uliokugusa au uliokuudhi, kisha nyamaza dakika tano. Mawazo yakienda kwenye hesabu mara 20, rudi mara 20. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe. Usiku, dakika tano: leo nilikuwepo wapi kwa moyo wote, na wapi nilipunga tu? Andika mstari mmoja. Kinachoharibu zoezi hili ni siku ya tatu yenye utamu, mtu anajiongezea dakika 15 ziwe saa nzima, wiki ya pili anachoka na kuacha kabisa. Kingine ni kuliripoti kikundini. Yesu alisema ukiisha kuingia chumbani ufunge mlango.

Mume wako nimemwacha nyuma kidogo, na sikukusudia. Kwa barua yako, yeye amesikia kwamba unaacha cheo. Hajasikia habari ya zaburi, wala ya simu kwa dada yako, wala ya kalamu. Alichosikia ni aibu inakuja, naye akajikinga. Mtafutie jioni isiyo na mkutano, umsimulie kwa mpangilio ule ulionisimulia mimi, ukianza na kalamu. Kisha umuulize mkono wake huwa unakwenda vipi. Mzee wa kanisa haulizwi swali hilo na mtu, na huenda ana jibu.

Amebaki kijana. Amekuuliza kama umetengwa, na kimya chako kwake ni jibu, ila hujui ni jibu gani. Wiki chache zijazo askofu atamwekea mikono baada ya yeye kutamka mwenyewe ahadi ambazo wewe na baba yake mlimtamkia akiwa hajui kusema. Hahitaji kusikia habari za Mtumishi wala za mifupa. Unaweza kumwambia tu: "Hapana, sijatengwa. Niligundua nilikuwa nafanya bila kuwaza, nikasimama kidogo ili nifikirie. Na wewe kule darasani, huwa unafikiria nini mnaposema zile ahadi?" Halafu umwache aongee mpaka mfike nyumbani.